Shajara ya mradi: kuyeyuka na kutengana kwa kaboneti ya lithiamu

Mwanzo wa Machi: swali

Mradi huu umetokana na tofauti iliyopo kati ya majedwali na tanuri. Majedwali mengi ya kemia yanaeleza kwamba kaboneti ya lithiamu, Li2CO3, huyeyuka kwa nyuzi 723 za Selsiasi na kutengana ikifika nyuzi 1300 hivi, na msomaji anabaki akidhani kwamba kati ya namba hizo mbili kuna nafasi ya karibu nyuzi mia sita ambamo kimiminika hukaa kimetulia. Yeyote aliyewahi kuipasha chumvi hii ndani ya tanuri lililo wazi, kisha akaipima ilipopoa, anajua kwamba uzito huanza kupungua mapema zaidi, mara tu inapoyeyuka, na katika gesi kavu isiyo na kaboni dioksidi hata kabla ya kuyeyuka kabisa. Tunataka kujua uzito huo unakwenda wapi, kwa masharti gani, na ni kwa kiasi gani chombo chenyewe kinashiriki katika kuupoteza.

Sababu ya kuuliza ni ya kazi. Hatua itakayofuata katika maabara yetu ni kutengeneza oksidi ya lithiamu na kobalti, ambayo ndiyo mada ya upande chanya wa betri nyingi za simu, kwa kuchanganya kaboneti hii na oksidi ya kobalti na kuzichoma pamoja kati ya nyuzi 800 na 900. Huko lithiamu inahesabiwa kwa moli, yaani kipimo cha idadi ya chembe, na anayechoma bila kujua mwenendo wa kaboneti peke yake hatajua upungufu ulioonekana ulitoka kwenye mmenyuko alioutaka au kwenye kona nyingine ya tanuri. Kwa wasomaji wa Kiswahili jambo hili si la mbali hata kidogo: kobalti inachimbwa Kolwezi nchini Kongo, nako Manono, katika jimbo la Tanganyika la nchi hiyo hiyo, kuna moja ya mashapo makubwa ya spodumini yanayojulikana duniani, jiwe ambalo likichomwa, likatiwa asidi ya salfuriki na mwishowe magadi ya viwandani, ndilo linalozaa unga huu mweupe.

Mmenyuko wenyewe ni mfupi: Li2CO3 inagawanyika kuwa Li2O, yaani oksidi ya lithiamu, na CO2, yaani gesi ya kaboni dioksidi. Kwa kuwa moli moja ya kaboneti ina gramu 73.89 na ya gesi ina gramu 44.01, kila gramu 1 inayotengana yote hutoa gramu 0.596 za gesi na kubakiza gramu 0.404 za oksidi. Upungufu wa asilimia 59.6 ndio ukomo wetu, na chochote kikizidi hapo kinamaanisha kwamba lithiamu yenyewe inatoroka kama mvuke au sampuli imemwagika.

Machi: hesabu kabla ya moto

Kabla ya kuwasha tanuri niliona ni vema kujua kemia ya nishati inasema nini. Joto la kuundwa kwa kaboneti ni kilojuli −1216 kwa moli, la oksidi ni −598 na la kaboni dioksidi ni −393.5, kwa hiyo kutengana kunahitaji kilojuli 225 hivi kwa moli katika halijoto ya kawaida. Entropia, yaani kipimo cha mtawanyiko, nayo inapanda kwa takriban juli 161 kwa kila kelvini, na karibu ongezeko lote linaletwa na gesi. Ukichukua thamani hizo mbili kana kwamba hazibadiliki kadiri joto linavyopanda, unapata kwamba katika nyuzi 723 kanieneo ya kaboni dioksidi iliyo katika msawazo na kaboneti ni kama sehemu 0.0004 ya kanieneo ya angahewa. Ni kadirio la haraka, lakini linafundisha, kwa sababu kiwango cha kaboni dioksidi kilichomo katika hewa tunayovuta ni kikubwa kidogo tu kuliko hapo. Maana yake ni kwamba kaboneti inapofika mahali pa kuyeyuka, hewa ya kawaida inakaribia kuishiwa nguvu ya kuizuia isitengane, na kila nyuzi inayoongezeka inaegemeza mizani upande wa oksidi na gesi. Katika nyuzi 900 hesabu hiyo hiyo inatoa kanieneo ya asilimia 2 hadi 3 ya angahewa, ambayo hewa ya kawaida haiwezi kuikaribia.

Hesabu hii ikiendelezwa hadi kanieneo ifikie angahewa nzima moja, inatoa nyuzi 1120 hivi. Majedwali yanataja juu ya hapo kwa sababu kaboneti iliyoyeyuka ni tulivu zaidi kuliko yabisi katika halijoto hizo, na hesabu yangu haikuutia utulivu huo. Cha kuzingatia ni kwamba namba ya nyuzi 1300 inajibu swali moja mahususi, yaani ni wapi gesi inaweza kusukuma angahewa nzima ya kaboni dioksidi na bado ikatoka. Anayepasha kaboneti katika hewa, au katika nitrojeni inayopita, anauliza swali jingine kabisa.

Wachomaji chokaa wa pwani wanalijua jambo hili kwa mikono yao: mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo katika tanuu iliyo wazi ili moshi na gesi vipate njia, kwa maana kaboneti ya kalsiamu hufikia angahewa moja karibu na nyuzi 900, na palipo na upepo wa kuichukua gesi, jiwe huiva chini ya hapo. Tofauti kubwa ni kwamba jiwe la chokaa hutengana likiwa bado yabisi, wakati kaboneti ya lithiamu huyeyuka kwanza. Miongoni mwa ndugu zake wa karibu, kaboneti ya sodiamu huyeyuka karibu na nyuzi 851 na ya potasiamu karibu na nyuzi 891, na zote mbili hushikilia gesi yake kwa nguvu zaidi. Lithiamu ina ioni ndogo sana, ambayo huvuta elektroni za kaboneti na kuulegeza muungano wake, ndiyo maana mwenendo wake unakaribia ule wa magnesiamu kuliko ule wa metali za kundi lake.

Katikati ya Machi: chombo

Sehemu hii ndiyo iliyochukua fikra nyingi kuliko zote, na naiandika kwa kirefu kwa sababu ninaamini hapa ndipo vipimo vingi vya chumvi hii vinapopotoka bila mpimaji kugundua.

Kaboneti ya lithiamu iliyoyeyuka ni kimiminika chepesi, angavu kama maji, kinacholowesha karibu kila kinachokigusa na kupanda kuta za chombo. Vyungu vya kauri vya kawaida vya maabara vina silika, nayo silika humenyuka na kaboneti kutoa silikati ya lithiamu na kaboni dioksidi. Vyungu vya alumina, yaani oksidi ya alumini, ambavyo wengi huvikimbilia kwa sababu vinastahimili joto kali, navyo havikwepi: Al2O3 pamoja na Li2CO3 huzaa moli mbili za LiAlO2, yaani aluminati ya lithiamu, na kutoa moli moja ya CO2. Tazama kinachofuata kutokana na mlinganyo huo. Kila moli ya kaboneti inayoliwa na ukuta wa alumina hutoa moli moja ya gesi, sawasawa na ile ambayo ingetolewa kama kaboneti ingetengana yenyewe. Mizani haiwezi kutofautisha matukio hayo mawili. Mchoro wa uzito dhidi ya halijoto unaweza kuwa laini, mzuri, unaoishia pale pale kwenye asilimia 59.6, na bado sehemu kubwa ya kilichopimwa ikawa ni ulaji wa chungu.

Platinamu inaonekana kuwa jibu, lakini penye oksijeni na lithiamu katika joto hilo hushambuliwa na kutengeneza platinati ya lithiamu, na hasara yake ni ya fedha pia. Grafiti humenyuka na kaboni dioksidi na kuwa kaboni monoksidi, gesi yenye sumu, na mmenyuko huo hupata nguvu katika halijoto zile zile tunazozihitaji. Magnesia, yaani oksidi ya magnesiamu, ni bora zaidi, ila vyungu vyake vina vinyweleo na hunyonya kimiminika, hivyo uzito unakuwa mgumu kufuatiliwa. Tumeamua kutumia dhahabu, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 1064 na haisumbuliwi na kaboneti za alkali, kwa sharti kwamba tusipande juu ya nyuzi 950.

Kikombe tulitengenezewa na sonara. Tulimweleza kwamba dhahabu ya pete haitufai, kwa kuwa shaba na fedha zilizochanganywa ndani yake zingeoksidika na kuingia katika kimiminika, na kwamba tulitaka dhahabu safi iliyofuliwa nyembamba bila kuungwa kwa lehemu mahali popote. Aliifua juu ya kalibu ya mviringo kutoka bamba moja, akiirudisha motoni kila ilipoanza kuwa ngumu, mpaka ikawa kikombe kisicho na mshono chenye ukingo uliokunjwa nje kidogo. Ukingo huo ulikuwa wazo lake, ili koleo lipate mahali pa kushika, na umetufaa kwa namna nyingine: kimiminika kinachopanda ukuta kinaonekana kwa urahisi kikifika kwenye mkunjo.

Kikombe cha pili ni cha alumina, chenye kimo kile kile, nacho tumekiweka makusudi ili tulinganishe.

Mwisho wa Machi: kipimajoto na kuyeyuka

Unga ulikaushwa kwanza kwa nyuzi 200. Kaboneti ya lithiamu haivuti maji kama ya potasiamu inavyofanya, lakini unyevu ulioshikwa juu ya chembe unatosha kuharibu desimali za mwisho. Mwenye kushika unga huu avae barakoa na glavu, kwa kuwa vumbi lake linawasha macho, na lithiamu ikiingia mwilini kwa wingi inadhuru figo na mishipa ya fahamu.

Themokapo ya aina ya K, yaani kipimajoto cha nyaya mbili za metali tofauti, tuliiweka chini ya kikombe ikigusa kitako, kwa sababu ganda lake la kauri lingeliwa kama lingezamishwa. Kwa kuwa kuna ukuta wa dhahabu kati yake na sampuli, ilibidi isawazishwe kwa vitu vyenye kiwango cha kuyeyuka kinachojulikana, vilivyo pande zote mbili za nyuzi 723. Tulichagua alumini, nyuzi 660.3, na kloridi ya sodiamu ya maabara, nyuzi 801. Chumvi ya mezani haifai kwa kazi hii, maana imetiwa madini joto na dawa ya kuzuia isigande. Alumini iliyeyushwa katika kikombe cha alumina peke yake na haikukaribia dhahabu, kwa maana metali hizo mbili zikikutana katika hali ya kimiminika huungana papo hapo na kikombe kingeharibika.

Kaboneti ilipopashwa ndani ya kaboni dioksidi inayopita taratibu, halijoto ilipanda kwa mwendo sawa, kisha ikasita karibu na nyuzi 723 huku tanuri likiendelea kutoa joto. Kusita huko ndiko kuyeyuka: chumvi hii inahitaji zaidi ya kilojuli 40 kwa moli ili fuwele zivunjike, na mpaka fuwele ya mwisho iishe, joto linaloingia halionekani kwenye kipimajoto. Wakati wa kupoa kimiminika kilishuka kidogo chini ya kiwango chake bila kuganda, halafu fuwele za kwanza zilipojitokeza halijoto ikaruka juu na kusimama tena pale pale. Mstari huo ulikuwa bapa kabisa, na uzito baada ya kupoa ulikuwa ule ule wa mwanzo. Nimeridhika kwamba katika kaboni dioksidi tupu tunayeyusha kaboneti bila kuitenganisha.

Nitrojeni kavu ilipochukua nafasi ya kaboni dioksidi, sura ya mchoro ilibadilika. Kuganda kulianza chini kidogo kuliko awali, na badala ya mstari bapa tulipata mteremko. Hilo lina maelezo yake: oksidi inayozaliwa haibaki kando, inayeyuka ndani ya kaboneti iliyobaki, na kitu chochote kinachoyeyuka humo hushusha kiwango cha kuganda. Kadiri fuwele za kaboneti safi zinavyotoka, kimiminika kinachobaki kinazidi kuwa na oksidi nyingi na kuganda kwake kunazidi kushuka. Kwa hiyo anayetangaza kiwango cha kuyeyuka kilicho chini ya nyuzi 723 hana budi kueleza alitumia gesi gani na alikaa kwa muda gani, na aeleze pia usafi wa unga wake, kwa sababu sodiamu iliyobaki kutoka kwenye magadi ya kiwandani hufanya kazi ile ile. Mchanganyiko wa kaboneti tatu, za lithiamu, sodiamu na potasiamu, kwa uwiano ufaao, huyeyuka kwa nyuzi 397 tu.

Aprili: gesi inayotoka

Bomba la kutolea nitrojeni tulilielekeza ndani ya maji ya chokaa yaliyochujwa. Chini ya nyuzi 600 mapovu yalipita na maji yakabaki angavu. Karibu na kuyeyuka palitokea ukungu mwembamba kuzunguka mdomo wa bomba, ukaonekana vizuri zaidi tulipoweka karatasi nyeusi nyuma ya chupa, na tulipofika nyuzi 800 maji yote yalikuwa meupe kama tui. Jaribio hili linafahamika tangu shule ya sekondari, lakini linatupa kile ambacho mizani haitupi, yaani uhakika kwamba kinachoondoka ni kaboni dioksidi na si maji wala vumbi. Chupa hubadilishwa mara weupe unapokolea, kwa sababu gesi ikizidi huirudisha chokaa kwenye myeyusho na maji yakaonekana safi tena.

Mwendo wa gesi una athari kubwa. Nitrojeni ilipofungwa na tanuri likaachwa limetulia katika halijoto ile ile, kupungua kwa uzito kulikaribia kusimama, kwani gesi iliyokwisha kutoka ilitanda juu ya kimiminika na kuzuia nyingine. Kina cha sampuli kina athari ya aina hiyo hiyo. Unga uliotandazwa una uso mpana, lakini ukiyeyuka unakusanyika kuwa kidimbwi, na gesi inatoka kupitia uso wa juu pekee. Ndiyo maana mwendo wa kupungua hauongezeki ghafla baada ya kuyeyuka kama mtu angetarajia.

Aprili: kupima kilichobaki

Sasa tulirudi kwenye swali la chungu. Oksidi ya lithiamu ikiingia majini inakuwa hidroksidi, alkali kali, na kila moli ya gesi iliyopotea kwa kutengana kwa kweli lazima iache moli mbili za hidroksidi. Lakini lithiamu iliyoingia ukutani kama aluminati haiyeyuki kwa urahisi katika maji. Basi tukijua uzito uliopotea na tukijua hidroksidi iliyopo, tofauti ndiyo sehemu ya ukuta.

Kupoza kunahitaji uangalifu. Oksidi huvuta kaboni dioksidi na unyevu kutoka hewani, na kikombe kikiachwa wazi juu ya mizani, tarakimu ya mwisho inapanda mbele ya macho yako. Vikombe vyetu hupozwa ndani ya chombo kilichofungwa chenye chokaa ya soda, na hupimwa mara tu vikifikia joto la chumba. Maji ya kuyeyushia huchemshwa kwanza yatoe gesi yake, kisha hupozwa kabisa kabla ya kutumika, kwa sababu kaboneti ya lithiamu ina tabia iliyo kinyume na chumvi nyingi: mililita 100 za maji ya nyuzi 20 huyeyusha gramu 1.3 hivi, ilhali maji yanayochemka huyeyusha gramu 0.7 tu. Anayepasha maji ili kuharakisha kazi anaifanya chumvi ijitenge upya.

Titresheni, yaani kupima alkali kwa kuongeza asidi kidogo kidogo, ni ya viashirio viwili. Asidi ya hidrokloriki huongezwa mpaka fenolftalini ipoteze rangi yake ya waridi, hatua ambayo hidroksidi yote imekwisha na kaboneti imegeuka bikaboneti. Kisha hutiwa methili oranji na asidi huendelea mpaka njano igeuke. Ujazo wa hatua ya pili unalingana na kaboneti, na ujazo wa kwanza ukitolewa wa pili unatoa hidroksidi.

Katika kikombe cha dhahabu, hidroksidi iliyopatikana imelingana vizuri na uzito uliopotea. Katika cha alumina, chini ya gesi ile ile, halijoto ile ile na muda ule ule, uzito uliopotea ulikuwa mkubwa zaidi, na bado hidroksidi ilikuwa kidogo mno. Ukuta wa ndani, uliokuwa laini, umekuwa mkavu na wa kukwaruza mpaka kwenye mstari uliofikiwa na kimiminika, na ukikiinamisha kikombe dirishani mpaka huo unaonekana wazi. Tulikirudisha tanurini tukiwa na kaboneti mpya, safari hii ndani ya kaboni dioksidi tupu, ambamo dhahabu haikuonyesha upungufu wowote, na uzito ulipungua tena. Hapo hakuna kutengana kwa kawaida kunakoweza kulaumiwa. Ni alumina inayoifukuza gesi kwa sababu aluminati ni tulivu kuliko oksidi huru, na kanieneo ya kaboni dioksidi inayotosha kulinda kaboneti peke yake haitoshi kuilinda dhidi ya ukuta huo.

Mahali tulipofika

Kwa uchomaji wa oksidi ya lithiamu na kobalti nimependekeza kwamba vyungu vya alumina vikitumika, viwekewe tabaka la ndani la mchanganyiko ule ule unaochomwa, litakalotupwa baadaye, na kwamba kaboneti ya ziada ihesabiwe kutokana na titresheni, si kutokana na uzito. Oksidi ya kobalti itaichukua lithiamu mapema, chini ya halijoto ambayo kaboneti peke yake ingetengana, kwa sababu ile ile iliyoifanya alumina iichukue. Kwa mada za upande chanya wa betri zenye nikeli nyingi, ambazo haziwezi kuchomwa kwa joto la juu bila kuharibika, viwanda huacha kaboneti na kutumia hidroksidi ya lithiamu, inayoyeyuka chini ya nyuzi 480; nasi tutaipima kwa utaratibu huu huu baada ya kumaliza kobalti.

Kilichobaki katika sehemu hii ni kupima kikombe cha magnesia kilichochomwa kwa msongamano mkubwa, chenye vinyweleo vichache, ili maabara isiyo na dhahabu ipate chombo kinachoaminika. Kikombe kimeshakaushwa na kupimwa kikiwa kitupu, na kitaingia tanurini kwanza ndani ya kaboni dioksidi. Uzito ukibaki vile vile humo, tutahamia kwenye nitrojeni.